Taa ya Kifundoni

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua mafuta ya taa. Chupa mkononi, kizibo cha gazeti lililokunjwa, jua limeshajificha nyuma ya mapaa ya mabati. Nilipokata kona ya nyumba yangu, harufu ilinifikia kabla sijaona mtu.

Chokaa. Chokaa iliyomwagiwa maji ikiwa bado ya moto, ile inayokwaruza koo.

Mwenye harufu hiyo na sababu ya kuja kwangu alikuwa mmoja tu.

Nikamkuta amekalia kigoda changu, miguu ameitawanya kama baba mwenye nyumba. Mume wa marehemu dada yangu, mchoma chokaa, shemeji yangu mimi. Vumbi jeupe kwenye nyusi. Pembeni, Kifungo amejibana ukutani. Huyu Kifungo ni mtoto wa dada. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo, mviringo, mtu unaogopa akianguka hutamwokota. Mama yake alipokufa alikuwa hajaacha kunyonya, nikamchukua mimi. Sasa meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka.

Mlangoni palikuwa na kifurushi. Nguo zake zote.

"Shemeji," nikasema, "leo jua limetokea magharibi?"

"Nimemfuata mwanangu. Umemlea vizuri, ahsante. Sasa anaweza kubeba ndoo."

"Ndoo ya wapi?"

"Mto umekauka. Tanuru linataka maji, chokaa haizimwi kwa mate." Akacheka peke yake. "Nalifungua pango."

Chupa nusura initoke mkononi.

Pango lile ndiko wanawake wa kwetu walikokuwa wakichota maji ya kuzimia chokaa, na ndilo lililomla dada yangu. Ngoja niwaeleze lilivyo, msije mkadhani nawatisha bure.

Ni pango la mawe ya chokaa, refu, linashuka. Mwisho kabisa pana bonde la duara lenye kidimbwi katikati. Wanawake waliliita Bakuli. Hewa ya Bakuli haikuwa ya kuamini. Miezi ya baridi pango linapumua vizuri, ukiwa ndani unasikia upepo shingoni, na mawe yanayoning'inia juu yanakua, yanatoka ngozi mpya nyeupe. Likija joto, pango linabana pumzi. Mawe yanaacha kukua. Hewa nzito inashuka chini, inajaa Bakuli kama uji unavyojaa chombo. Huioni. Haina harufu. Inawasha pua kidogo, kama umenusa soda iliyofunguliwa sasa hivi.

Ndiyo maana mwanamke haingii bila taa ya kifundoni. Kibatari kinafungwa kwa kamba ndefu kwenye ncha ya fimbo, kinaning'inia chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kinakwenda mbele yako. Kikizimika, unarudi. Huulizi. Huinami hata kama umeangusha pete ya ndoa.

Dada ndiye aliyenifundisha. "Pua yako iko juu, mdogo wangu," aliniambia, "lakini kuchota ni kuinama. Taa ikutangulie kuinama."

Mtu anayesema maneno hayo ndiye waliyemkuta amelala ubavu kando ya kidimbwi, ndoo tupu mkononi, msimu wa joto. Wanaume walimvuta kwa kamba na ndoano ya kisima, wakiwa wamesimama ukingoni. Taa yake wakaiacha huko huko, nani ateremke? Shemeji hakuingia. Alikaa mlangoni pa pango akilia, anasema hajawahi kutia mguu mule na hatautia. Siku ile alikuwa tanuruni, alisema. Kisha akaongeza neno moja, na neno hilo likaenea mtaa mzima: "Mke wangu alikuwa mvivu. Alifupisha kamba ya taa, eti inamkwaza."

Mvivu. Dada yangu.

Matanga hayajaisha, mwanamke mwingine alishaonekana anaanika nguo kwenye kamba ya dada. Nikameza. Lakini kumeza si kusahau.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anataka kumpeleka Kifungo mahali pale pale, msimu ule ule wa joto. Na mtoto ni mfupi. Hewa inayomfika mtu mzima kiunoni, mtoto inamfika puani hata hajainama.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "mpaka taa ipite kwanza."

"Mambo ya kizamani."

"Nipeleke mimi nikaone. Taa ikiwaka mpaka majini, mchukue mtoto, sitasema neno. Ikizimika, humgusi."

"Saa hizi?"

"Mule ndani kuna saa?"

Akanitazama, akatabasamu upande mmoja. "Haya. Twende uridhike, kesho nisililiwe na mtu mlangoni."

Nikamshika Kifungo mkono nimpeleke kwa jirani yangu, fundi cherehani. Alinong'ona, pengo lake linapuliza maneno. "Mama mdogo, mimi sitaki ndoo."

"Hubebi ndoo yoyote. Kaa hapa, hesabu vifungo vya fundi."

Niliporudi nikainua kile kifurushi chake nikiweke ndani. Macho yakatua kwenye fundo. Kamba imezungushwa mara mbili, sikio la ncha yake limechomekwa ndani halionekani. Lilikuwa fundo la shemeji huyo, la magunia yake. Alilirithi kwa baba yake, akijivuna kwamba gunia lake mtu akilifungua njiani atajua tu, kwa sababu hakuna mwingine awezaye kulifunga hivyo tena.

Nikaliona, nikalipita.

* * *

Pango liko nyuma ya tanuru. Tulipofika, mwanga ulibaki mwembamba tu, rangi ya majivu. Mdomoni pakanipokea joto... joto lenye unyevu, kama kuingiza uso kwenye kinywa cha ng'ombe.

Nikawasha kibatari. Nikakifunga kwa kamba ndefu kwenye fimbo, nikakiteremsha mpaka kifundoni.

"Hodi," nikasema. Ndivyo wanawake walivyosema.

"Unambishia nani?" Shemeji akawasha tochi yake kubwa. "Hii ndiyo taa. Haizimwi na upepo wala na mashetani."

"Tochi haijui hewa, shemeji."

"Wewe na dada yako mlizaliwa chungu kimoja."

Tukaingia.

Ti... ti... ti...

Matone. Kila tone lina sauti yake mule. Moja linaanguka majini, moja juu ya jiwe, moja mbali sana, unalisikia kama mtu anayebofya ulimi kwa masikitiko. Chini kunateleza. Ukutani kunang'aa kama jasho. Mwali wangu ulikwenda mbele, mdogo, wa manjano, umesimama wima.

Yeye alinipita. Akatangulia, tochi ameigeuza nyuma anamulika miguu yangu, anaicheka taa. "Tazama, unaitembeza kama mbwa!"

Njiani pana jiwe linaloning'inia, wanawake waliliita Jino. Limewapasua wageni wengi vipaji vya nyuso. Hulioni mpaka likugonge. Nilifungua kinywa nimwonye.

Akainama.

Tochi imeelekea kwangu. Mbele yake giza tupu. Akainama pale pale panapotakiwa, akapita, akanyooka.

Nikasimama.

"Shemeji... si ulisema hujawahi kuingia humu?"

Ti... ti...

"Nimebahatisha," akasema. Hakucheka tena.

Nywele zilinisimama, lakini si kwa woga. Nilikuwa nahesabu mambo. Mwanaume aliyekuwa tanuruni. Mwanaume aliyekaa mlangoni akilia kwa sababu hawezi kutia mguu.

Tukafika ukingoni mwa Bakuli. Nikasogeza fimbo mbele, taa iteremke kabla yangu. Mwali ukalala. Ukawa mwembamba kama ukucha. Ukanyanyuka juu ya utambi, ukaelea peke yake kidogo...

Ukazimika.

Moshi wake haukupanda. Ulitandaa, bapa, kama utando juu ya maziwa. Nikajua ilipofikia. Hewa nzito ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Imezimika," nikasema. "Tumekubaliana. Humgusi mtoto."

"Mafuta yameisha."

"Nimetia sasa hivi, umeniona."

"Basi utambi! Kesho anakuja, na wewe ukae kwako." Akageuza tochi kuelekea bondeni, aone maji yake.

Na tochi ikaiangukia.

Taa ya dada.

Ililala kando ya kidimbwi, chini ya tone. Tone lile lilikuwa limeidondokea miaka yote hiyo, kila baridi likiivisha ngozi, mpaka ikawa jiwe. Kibatari, jiwe. Fimbo, jiwe. Kamba, jiwe, kila uzi wake unaonekana kama umepakwa sukari. Na kamba ilikuwa fupi. Ilikuwa imeviringishwa juu ya fimbo, taa ikabaki usawa wa kifua cha mtu, halafu ikafungwa pale.

Nikaliona fundo.

Limezungushwa mara mbili. Sikio limechomekwa ndani.

Sasa nikaiona siku ile yote, kana kwamba nilikuwepo. Dada na ndoo, na mumewe ghafla amekuwa mwema. Nipe taa nikubebee, mke wangu. Anatembea nyuma yake, anaviringisha kamba, anafunga. Taa inawaka juu, inang'aa vizuri, haina neno. Dada anatazama nyuma, anauona mwali, anaamini.

Anainama.

Nilimgeukia. Naye alikuwa ameliona. Uso wake ulikuwa mweupe, si kwa chokaa tu.

"Nilidhani waliitoa," akanong'ona.

Hilo tu. Hakuuliza ni kitu gani.

"Ulimwita mvivu," nikasema.

Akatoa nyundo yake ndogo ya kupasulia mawe kiunoni. Nilidhani ni ya kunipiga mimi. Nikarudi hatua moja, mgongo ukagusa ukuta wenye maji. Lakini macho yake yalikuwa bondeni, kwenye lile fundo. Alitaka kulipasua. Jiwe likipasuka, nani atamwamini mwanamke?

Alisita ukingoni. Hata yeye aliuogopa ule moshi uliolala.

Ndipo taa ikawaka.

Si yangu. Ile ya jiwe.

Mwali mdogo. Wima. Wa manjano. Pale chini, ndani ya hewa isiyowasha hata kiberiti.

Mimi nilijua kuwa kile si kitu cha kibinadamu. Lakini yeye... sijui alichoona yeye. Uso ulimlegea kama wa mtu aliyepewa ruhusa.

"Inawaka," akasema. "Unaona? Hewa nzuri. Inawaka!"

Akateremka.

Nikasikia harufu. Mafuta ya nazi na sabuni ya mche. Hiyo ilikuwa harufu ya dada akitoka kuoga. Ikanipita begani, karibu, kama mtu anapokupisha kwenye mlango mwembamba. Nikataka kugeuka. Sauti ikaniwahi sikioni, ya baridi, ina maji ndani yake.

"Simama wima, mdogo wangu. Usiiname."

Nikasimama wima.

Shemeji alipiga magoti kando ya taa. Akainua nyundo. Haikushuka. Nikamwona anavuta pumzi, halafu anavuta tena haraka, kama mtu aliyekimbia. Akashika koo. Akatazama mwali, akatazama juu kwangu, na nikaona ameelewa.

"Shemeji... kamba... nitupie..."

Na sauti ikatoka majini. Tamu. Ya mke anayemwomba mumewe kitu kidogo jioni.

"Nishikie taa, mume wangu."

Mkono wake ukaiendea ile taa. Aliukataa, nikaona anavyoukataa, mishipa imemtoka shingoni. Mkono ukaenda tu. Vidole vikafumba juu ya jiwe.

Mwali ukazimika.

Tochi ikabiringika majini, ikafifia, ikafa. Giza. Nikasikia pumzi zake. Fupi. Fupi zaidi.

Ti... ti... ti...

Mtaniuliza kama nilikuwa na kamba. Nilikuwa nayo, mita nzima na ushee, imefungwa kwenye fimbo yangu. Lakini niliambiwa nisiiname, na mimi dada yangu nilimtii tangu utoto.

Nilitokaje bila mwanga? Mkono ulinishika mgongoni, kati ya mabega. Mkono wa baridi, umelowa, unanisukuma taratibu. Penye Jino ulinikandamiza niiname. Penye utelezi ulinizuia. Mdomoni mwa pango, nilipouona mwanga wa mwisho wa jioni, mkono ukaondoka.

Nyumbani nilivua gauni. Mgongoni mwa gauni palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, vidole vyote. Nikaifua kwa sabuni. Haikutoka. Ilikuwa ngumu kama ukoko wa ndani ya birika.

Wanaume walikwenda kumtoa. Ndoano haikumshika. Taa zikazimika kila walipojaribu kushuka. Ilipokuja baridi na pango likapumua, waliochungulia walirudi mbio, wakasema ameshakuwa mweupe, na bado amepiga magoti. Yule mke wake mwingine hakumdai. Wakaziba mdomo wa pango kwa mawe, mtaa ukasema mzimu mwenye pango amechukua tena. Mimi nilisema jambo moja tu, kisimani, mbele ya wanawake wote: dada yangu hakuwa mvivu. Nikawaeleza fundo nililoliona. Bibi mmoja akatua ndoo yake, akasema, "Tulijua. Tulikosa pa kuanzia."

* * *

Kifungo hakubeba ndoo. Alikua, akaolewa, akazaa binti, na binti huyo ndiye mjukuu wangu aliyesomea maji. Maji! Nikamwambia sisi tumeyasomea kichwani, kwa ndoo, akacheka mpaka akakaa chini.

Ni mtoto mwenye subira. Alinieleza yote bila kunidharau. Kwamba mvua ikipita kwenye udongo wenye majani yaliyooza inabeba hewa ile nzito, kama ile ya kwenye soda, inakuwa na ukali kidogo. Ukali huo unakula jiwe la chokaa chini kwa chini. Maji yakifika pangoni, penye nafasi, yanaachia ile hewa kama chupa iliyofunguliwa, na jiwe yaliloliyeyusha linabaki, tone kwa tone. Hewa ikijaa sana wakati wa joto, maji hayawezi kuiachia, basi mawe hayakui. Nikamwambia, dada alisema hivyo hivyo, ila hakuitia soda.

Nikamwonyesha gauni. Akaikamulia ndimu ile alama, kwenye ncha ya kidole kimoja tu. Ikachemka povu.

"Ni chokaa kweli, Bibi," akasema. Akaweka kidole chake juu ya alama. "Kidole ni cha mwanamke."

Mwaka huu wakubwa wake walilifungua lile pango wapime maji. Hakuniambia. Alikuja jana alasiri, viatu vina matope meupe, chai niliyommiminia hakuinywa.

"Bibi, mle chini kuna jiwe. Kama mtu aliyepiga magoti."

"Najua."

"Naweka vioo vidogo chini ya matone, niupime ukuaji. Msimu huu wa joto vyote vimebaki safi, ndivyo inavyotakiwa. Ila cha kando ya hilo jiwe. Kile kimeota ngozi. Linakua, Bibi. Ndani ya hewa ile haliwezi kukua. Nimerudia mara kadhaa."

"Kuna mtu analivisha."

Alinitazama. Sikuwa nimemwambia babu yake alikufaje, wala mama yake sikumwambia. Jana nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekumbatia kikombe.

"Taa ya jiwe iko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna taa. Mkono umefumba, lakini hauna kitu."

Hapo ndipo mimi mwenyewe niliposikia baridi: taa ile ndiyo iliyokuwa imemshika pale. Nikamshika mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Pimeni maji yenu yote. Jiwe lile msilitoboe."

Akaweka kikombe chini.

Ti... ti... Bomba la uani linavuja siku zote. Jana lilikuwa na sauti nyingine.

"Bibi," akasema, "nimeshatoboa."

Tundu dogo, alisema, kama la sindano ya kushonea magunia. Alitaka unga wa jiwe akaupime. Akasogeza pale kidude chake cha kupimia hewa. Namba zikapanda. Zikashuka. Zikapanda. Zikashuka. Alidhani kimeharibika, akakipeleka kila pembe ya pango, na kila pembe namba zilitulia. Akakirudisha kwenye tundu.

Zikapanda. Zikashuka.

"Kama kuna kitu kinapumua," akasema, na sauti yake ikawa ya Kifungo yule wa ukutani, mwenye pengo.

Amelala kwangu tangu jana. Mlangoni kwake nimetundika kibatari, kamba ndefu, usawa wa kifundo. Fundo nimelifunga mwenyewe, la wanawake, linafunguka kwa kuvuta. Gauni langu la zamani nimelitoa sandukuni nimelivaa, ule mkono uko mgongoni kati ya mabega. Tangu asubuhi nahisi una unyevu.

Mwali wa kibatari umelala upande kidogo, kuelekea nje. Nyumba nzima inanuka chokaa iliyomwagiwa maji.

Na aje shemeji. Nimesimama wima. Tuko wawili, mimi na dada.